Namba 47 Hakuwa Tupu

Jumanne, 16 Juni

Leo nimedanganya kwa penseli. Neno moja tu — "tupu".

Ndiyo kazi yangu shambani. Siku ya kumi na nne baada ya sungura jike kupandishwa, napitisha mkono chini ya tumbo lake, napapasa, najaza kadi iliyoning'inia kwenye kizimba. Ana mimba, au tupu. Akiwa tupu mara tatu mfululizo anastaafishwa, na Jumamosi gari la machinjioni linamchukua. Ila mfanyakazi akiomba apewe wa kufuga nyumbani, Meneja huwa hakatai.

Namba 47 alikuwa tupu mara mbili, kweli kabisa. Leo hakuwa. Nimewagusa watoto, wamepangana kama gololi. Sita, pengine saba. Nikaandika tupu.

Kwa nini? Kwa sababu angezaa, halafu wiki mbili hazipiti angepandishwa tena. Miaka mitatu sasa! Nyayo zimemchubuka kwa waya wa sakafu ya kizimba. Na kwa sababu nilimwahidi Mama sungura. Tangu Baba afariki anashinda uani peke yake na redio.

Sijui ni sababu ipi iliyoshika penseli. Nadhani ya pili.

Jumamosi, 20 Juni

Nimemleta 47 nyumbani ndani ya kapu la nguo chafu. Meneja hata hakuinua macho, kasema chukua.

Nimemweka uani, nikidhani atarukaruka. Wapi! Anakwenda hatua mbili, anageuka, anarudi. Hatua mbili, anageuka. Upana wa kizimba. Nimelia kidogo, halafu nikajiona mnafiki.

Mama amempa jina — Mgeni. Anasema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, sasa huyu tutampa nini, kijiko? Amempakata saa nzima. Redio imezimwa. Kasema nina roho nzuri. Nikajifanya natafuta ufagio.

Alhamisi, 25 Juni

Balaa.

Meneja amejumlisha kadi za mwezi. Yule dume mweupe tunayemwita Jenerali amepanda majike kumi, wanne wametoka tupu. Wakifika wanne, dume naye anaondolewa. Watatu ni wa kweli. Wa nne ni wangu.

Ingekuwa Jenerali peke yake ningemeza mate nikanyamaza. Lakini Meneja amemwita Mzee wa Madume. Huyu ndiye anayesimamia upandishaji, mwaka wa kumi na tisa huu. Akamwambia mbele yetu sote kwamba macho yamechoka, kwamba anaandika dume amepanda wakati hajapanda. Mzee alisimama kofia mkononi. Akasema wengine hawezi kuapa, lakini 47 alipandwa, alimwona Jenerali akianguka ubavu. Dume akimaliza huanguka hivyo, hakuna asiyejua.

Meneja akajibu kadi inasema tupu, na kadi haizeeki. Wenzangu wakacheka. Kisha wakanitazama mimi, maana mkono wangu ndio unaoaminika shamba zima.

Nikatazama ndoo.

Mzee anatoka mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 26 Juni

Nimekwenda hadi mlango wa ofisi mara mbili. Mara ya kwanza Meneja alikuwa anaongea na simu.

Mara ya pili hakuwa anaongea na simu.

Jumanne, 30 Juni

Wamemuaga Mzee kwa soda na blanketi. Miaka kumi na tisa — blanketi.

Baadaye akanifuata kwenye bomba nikiosha mikono. Akaniambia, "Binti yangu, Jumamosi Jenerali anachukuliwa. Meneja amekubali nimwokoe, lakini mimi nimepanga chumba, mwenye nyumba hataki hata kuku. Wewe una ua. Nisaidie."

Mimi! Katika watu wote! Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Akanishika mikono yote miwili na maji yake, akasema Mungu atanilipa. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Jumamosi atamficha Jenerali chini ya kitanda chake, Jumapili amlete kwetu.

Ndipo nikahesabu. Sungura hubeba mimba siku thelathini na moja. Mgeni anazaa Ijumaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu bado siku tatu.

Ijumaa, 3 Julai

Amezaa. Saba. Uchi kama vidole.

Jana alianza kujing'oa manyoya ya kifuani, Mama akadhani anaumwa. Nikamtafutia kasha. Leo asubuhi manyoya yanapumua, yanapanda na kushuka.

Mama hana usingizi kwa furaha, utadhani mimi ndiye niliyejifungua. Akaniuliza kwa kunitania, wewe unalipwa kwa kupapasa matumbo, la huyu lilikushindaje? Nikamwambia mkono nao hukosea. Nimemdanganya mama yangu mzazi, jikoni kwake, nikiwa nimeshika kikombe chake.

Nimelihamishia kasha chumbani kwangu. Nikamwomba Mama, Mzee akija Jumapili, habari ya watoto tuiache. Kaniangalia vile anavyoangalia mchele wenye mawe.

Jumapili, 5 Julai

Naandika mbio. Wako uani.

Mzee amefika saa nne na shati la kupigwa pasi, Jenerali kichwa nje ya begi. Hata hajakaa, Mama akasema, karibu kaka, njoo kwanza uone maajabu. Sijui alisahau, sijui alikusudia. Akampeleka moja kwa moja chumbani kwangu.

Mimi nikabaki mlangoni.

Akafunua manyoya kwa vidole viwili. Akawahesabu. Akauliza wamezaliwa lini. Mama akajibu Ijumaa, kabla ya chai. Mzee akakaa kitandani kwangu, midomo inacheza bila sauti, anahesabu kurudi nyuma hadi siku 47 alipopandwa. Huyu hahitaji kalenda. Kisha akamsifu Mama, wana afya, wameshiba maziwa, apunguze tu joto la chumba. Mimi hakunitazama.

Tukarudi uani. Mama akaenda kuchemsha maji. Nikaanza, "Mzee wangu..." Akainua kiganja. Akawa anamkuna Jenerali nyuma ya masikio, muda mrefu. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru.

Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

"Mwandiko wangu Meneja huwa haumudu. Wewe unaandika vizuri, binti yangu. Niandikie barua."

Nikauliza niandike nini.

"Anza na tarehe. Mengine unayajua."

Nikasema nakwenda kutafuta kalamu. Kalamu ninayo, ndiyo hii. Karatasi nimechana humu humu katikati ya daftari. Nikiandika, kesho sina kazi, na mshahara wangu ndio unaotulisha mimi na Mama. Na ule mkono unaoaminika, nani atauamini tena? Nisipoandika, atakunywa chai yake, atamshukuru Mama, ataniaga kwa jina zuri lilelile, na atakwenda zake. Namjua. Hatamwambia mtu.

Namsikia Mama akimwuliza sukari ngapi. Wanacheka kitu.

Nimeandika tarehe. Nimeandika "Kwa Meneja". Nimeandika "Mimi", nikaacha.

Mzee anaita kutoka nje, taratibu, anauliza kama kalamu imepatikana.