Papa Kalenga, Kesho Tunapiga Kura

Papa Kalenga,

Tangu Ijumaa situlii. Leo Jumapili nimefagia uwanja mara mbili, nimesonga bukari ya unga wa mahindi ikawa ngumu kama tofali, watoto wakaitazama wakacheka. Nimeacha yote nikae nikuandikie, maana mtu ninayetaka kugombana naye ni wewe, nawe umekwisha kwenda.

Kwanza habari njema. Chuo kikuu kimesaini mkataba na kituo chetu. Ile benchi ya mbele ya mlango wa mkuu wa kitivo, uliyoikalia hadi suruali ikang'aa makalioni, imezaa. Sasa wanafundisha kazi yetu darasani: namna ya kumsindikiza mtu aliyepoteza mguu, mkono au macho mpaka apate kazi tena. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakuja kufanya staji, mazoezi ya kazi, kwetu, na kila mwaka tutamwajiri mmoja. Ulitaka hivyo hivyo. "Tutazeeka, Ngoie, na hii kazi itakufa na sisi." Wewe hukungoja hata uzeeke. Siku ya kusaini nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, kisha nikarudi kugawa soda.

Wamekuja watatu. Anayewapita wenzake kwa kazi ni Odette, msichana wa Katuba, aliyepoteza macho akiwa sekondari. Mwalimu wao anasema hivyo, na mimi nasema hivyo. Kuna baba mmoja aliyekatwa mguu baada ya ajali mgodini. Kwangu alikuja mara kadhaa, akajibu "ndiyo mama, ndiyo mama," basi. Alipokaa na Odette, yule baba akamuuliza waziwazi yeye aliacha lini kulia. Odette akamjibu: "Bado ninalia, papa. Lakini ninalia mu njia, niko naenda ku kazi." Yule baba akacheka, kisha akaanza kusema. Alisema mpaka tukachelewa kula.

Nikadhani mambo yamekwisha: wa kuajiriwa mwaka huu ni Odette. Ijumaa, kwenye kikao, mkurugenzi wetu mpya akasema: "Huyu mutoto iko na akili, hakuna mwenye kukatala. Lakini ataona namna gani sura ya muntu mwenye kulia?" Papa, nilitaka kucheka. Swali hilo tumelijibu katika kila karakana ya mji huu! Unamkumbuka yule fundi cherehani wa Kamalondo? Ulimwagiza suruali kwanza, kama kawaida yako, ndipo ukamwombea kazi kijana asiyesikia. Fundi akauliza atamwita vipi. Ukamjibu: "Umuguse ku bega, si uko na mikono?" Kijana yuko pale hadi leo. Kwenye kilio cha msiba wako alilia kuliko ndugu zako, na mkeo, Mama Kalenga, bado ana kabati zima la suruali ulizoagiza usizivae.

Kisha mkurugenzi akaonyesha picha yako ukutani. "Tufanye vile Papa Kalenga angefanya." Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilibaki nikiitazama picha, kwa sababu najua ungefanya nini.

Nilikuwapo siku Félicien alipokuja. Mwalimu wa shule, anatembea kwa magongo, diploma mkononi, akaomba kazi kwetu sisi, si kwa mwingine. Ulimpa chai. Ulimwita ndugu. Ukamwahidi kumtafutia shule ya kufundisha, na kweli ulimtafutia. Alipotoka ukaniambia: "Sisi njo wenye kusaidia. Tukimuweka yeye hapa, patron gani mwenye karakana atatusikia?" Tuliuomba mji mzima ufungue milango, na wetu tukaufunga kwa upole, kwa chai ya sukari. Kwa nini, papa? Uliogopa nini? Nakuuliza kwa hasira, na hasira hii inanichosha, kwa sababu nilikupenda na bado nakupenda. Kila ninachokijua katika kazi hii umenifundisha wewe.

Kesho tutakaa watatu: mkurugenzi, mwalimu wa chuo na mimi. Mkurugenzi anasema hapana, mwalimu anasema ndiyo. Imebaki kura yangu. Rahisi ingekuwa kudanganya, kusema kwamba wewe ungemkubali. Nani angekuja kunikanusha? Nimelijaribu neno hilo jikoni, peke yangu, nikaliacha. Sitaki Odette aingie kwetu kwa uongo. Na nikiificha habari ya Félicien, mwaka ujao atakuja mwingine na magongo yake, nasi tutachemsha chai tena.

Mkurugenzi atakasirika. Mama Kalenga atasikia, maana mji huu haufichi neno. Watasema binti uliyemlea kazini amekuvua nguo hata kaburini. Naogopa, papa, sikufichi.

Lala salama. Jumamosi nitakuja kung'oa majani kaburini pako, unigombeze huko, nami nitakusikiliza mpaka mwisho. Lakini kesho, wakiniuliza Papa Kalenga angesema nini, nakuahidi nitawaambia ukweli: angekataa, na angekosea. Kisha nitasema ndiyo.

Ngoie