Mama Kamba Hajaanua

Jumanne, 3 Novemba

Siku yangu imefika! Dhoruba ya kwanza ya msimu, na mimi ndiye niliyetumwa kuitangaza laivu. Si yule mzee wa kutangaza michezo — mimi! Tuliegesha gari la matangazo pale kwenye mwinuko juu ya daraja, mahali pekee ambapo mitambo yetu inashika mawimbi ya runinga. Chini yetu mto. Ng'ambo ya mto, ule mtaa wa bondeni anakokaa mama mkwe wangu.

Kusema kweli dhoruba ilichelewa. Kaupepo tu. Bosi akanifokea kwenye kile kidude cha sikioni: shika nguzo! Nikaishika nguzo ya taa kwa mikono miwili. Eti shika kama mtu anayepeperushwa! Nikajipinda, nikafumba jicho moja, nikapiga kelele kwamba hali ni mbaya, wananchi wajihadhari. Na lile koti langu jekundu la mvua — nadhani lilitoka vizuri sana.

Nimefika nyumbani nikitegemea kupewa pole. Mke wangu yuko sakafuni, anacheka. Hata kusema hawezi, ananionyesha simu tu. Muda wote niliokuwa nimeng'ang'ania nguzo, nyuma yangu kuna mama mmoja wa makamo anaanika mashuka. Vibanio mdomoni, hana haraka na mtu. Na mashuka yenyewe yametulia tuli!

Nikampigia mpiga picha. Hivi wewe hukumwona? Akasema alimwona, ila aliona anapendezesha picha. Huyu mtu siku moja nitamfanyia kitu.

Mama mkwe naye akapiga. Nikajua huyu angalau ananipa pole. Kumbe anauliza yule mama anatumia sabuni gani.

Alhamisi, 5 Novemba

Darajani tena. Kabla ya kwenda hewani nilimfuata yule mama uani kwake, kwa adabu zote. Shikamoo mama. Marahaba. Nikamwomba asogeze kamba yake kidogo. Akanitazama kuanzia viatu mpaka utosini. Kamba hiyo aliifunga marehemu mume wake, kasema, kwa hiyo labda nisogeze mimi dhoruba yangu.

Nikarudi kwenye nguzo yangu.

Tukaenda hewani. Nikasema mvua inakuja. Nyuma yangu anaanika. Nikasema wingu zito linakaribia. Anakung'uta foronya. Akaingia ndani kidogo, halafu — mimi niko katikati ya sentensi — akatoka mbiombio, akaanua kila kitu, akajaza beseni, akarudi ndani, mlango paa! Tukabaki tunatazamana. Haukupita muda, mvua! Si mvua ya mchezo. Mwavuli wa mpiga picha ulipinduka, tukalowa chapachapa.

Sasa mji mzima unasema mtangazaji hajui kitu, anayejua ni Mama Kamba. Wameshampa na jina! Mimi pia nimepewa. Mshika Nguzo.

Ijumaa, 6 Novemba

Nilienda kunyoa. Kinyozi ana runinga ukutani, wanarudia matangazo yetu ya jana. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa anamwambia: zima sauti ya huyo, tutazame kamba. Huyo! Na mimi nimekaa nyuma yake kwenye benchi, gazeti usoni. Kinyozi akatueleza kwamba siku hizi mkewe haaniki wala haanui mpaka aone Mama Kamba kafanya nini. Wengine wakaitikia, hata kwao ni hivyo hivyo. Nimeondoka na nywele zangu.

Kazini bosi kafurahi ajabu. Watazamaji wamefurika! Nikadhani ni kwa ajili yangu, nikaanza kutabasamu. Akamwita mpiga picha: kuanzia sasa kamba ikae katikati ya picha. Na mimi je? Wewe kaa pembeni, kasema, usizibe mashuka.

Nimesomea utangazaji. Cheti ninacho, kiko kwenye fremu sebuleni. Leo naambiwa nisizibe mashuka!

Jumapili, 8 Novemba

Tumeshinda kwa mama mkwe. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabisa bondeni, mto unapita nyuma ya jiko. Nampenda mama huyu, nisiseme uongo. Alinipokea nikiwa sina mbele wala nyuma, mbele ya wajomba wa mke wangu ambao hawakutaka hata kunipa kiti. Kwa hiyo nikaongea naye taratibu. Nikamwambia mwaka huu wataalamu wa hali ya hewa wana wasiwasi na mto. Tukitangaza watu wahame, ahame siku ile ile, aje kwetu.

Akanipapasa mkono. Usiwe na shaka mkwe wangu, kasema, mkoba wangu uko tayari chini ya kitanda. Mama Kamba akianua tu, natoka.

Mama! Mtangazaji ni mimi! Nina ramani, wataalamu wananipigia mimi!

Ni kweli baba, kasema. Lakini siku ile unapeperushwa, kwenye nguzo ile ile palikuwa na mbuzi amefungwa. Alikuwa amelala.

Mbuzi? Sikuona mbuzi mimi! Nimerudi nyumbani nikatazama upya. Yupo. Amelala miguuni pangu kabisa, anacheua.

Jumanne, 10 Novemba

Nimeupata ukweli wote!

Nilimpelekea Mama Kamba sabuni ya unga, zawadi, nikamwuliza siri yake. Anasoma mawingu? Magoti yanamuuma? Anasikia harufu ya mvua? Akanishangaa. Mwanangu, mimi naanua tamthilia ikikaribia. Ile ya tajiri aliyepoteza kumbukumbu. Inaonyeshwa kwenye kituo chenu wenyewe, kila alasiri. Ikianza naingia ndani, na nikiingia siachi nguo nje, wezi wengi. Na Alhamisi je, mbona alikimbia? Alhamisi ndiyo siku tajiri anamkumbuka mkewe! Aliona maandishi chini ya picha yangu kwamba inafuata, akatoka mbio asije akakosa. Mvua hakuwa na habari nayo.

Hajui kitu! Hata kidogo! Nilitaka kumkumbatia.

Nikamwambia mke wangu. Akasema huo ni wivu. Nikampigia mama mkwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa upole kwamba kijicho kitanizeesha mapema. Nikamwendea bosi. Akafunga mlango wa ofisi. Nisithubutu kulisema hilo hewani, kampuni ya sabuni imeshapiga simu kutaka kutudhamini.

Basi, siri nimeifungia humu daftarini.

Jumatano, 11 Novemba

Kituko! Leo hakuna hata wingu, lakini bosi katutuma hivyo hivyo, eti watazamaji wameshazoea. Tukafungua laivu asubuhi. Kamba tupu. Mama Kamba alikuwa hajafua bado, basi.

Mji ukachanganyikiwa! Maduka yakafungwa. Foleni ya mkate mpaka barabarani. Jua linawaka, watu wanakimbia na magodoro vichwani. Mama mkwe akatua kwetu na mkoba wake, anahema, akakaa sebuleni amevaa koti. Nikamwambia mama, tazama nje. Akasema anatazama kamba.

Mchana Mama Kamba akatoka na beseni, akaanza kuanika. Mji ukashusha pumzi. Mama mkwe akavua koti, akataka chai, akarudi kwake. Na lawama za nani? Zangu! Wanasema nimefungua matangazo kabla mama wa watu hajamaliza kufua.

Ijumaa, 13 Novemba

Naandika ndani ya gari la matangazo.

Asubuhi wataalamu walitupigia, na safari hii hakuna maneno ya labda. Mvua kubwa imepiga milimani tangu jana. Maji yote hayo yanashuka na mto, na kabla ya giza yatafika bondeni. Watu wote wa bondeni wavuke daraja, wapande shuleni huku juu. Bosi akafuta vipindi vyote. Laivu bila kukatiza!

Huku darajani jua kali. Kaupepo kakavu, ka kukausha hata godoro. Na Mama Kamba leo kaanika mablanketi! Mimi nikatangaza kistaarabu. Sikushika nguzo. Nilisimama wima, nikaonyesha ramani, nikasema tafadhali tokeni sasa, msisubiri mvua, maji yanatoka juu. Sijawahi kutangaza vizuri vile maishani mwangu.

Mchana mke wangu akashuka kumchukua mama yake. Akanipigia kutoka huko, sauti ya kulia. Mama hatoki. Amekaa kitandani, mkoba mapajani, macho kwenye runinga, majirani wamejaa chumba kizima. Wanasema leo hata Mshika Nguzo mwenyewe haogopi, hajashika kitu. Na Mama Kamba hajaanua. Nikamwambia basi toka wewe, njoo. Akasema hamwachi mama yake. Kichwa kile kile, mama na binti!

Alasiri ikafika. Ikapita. Mablanketi yapo. Mbona haanui huyu mama? Ndipo likanijia. Tamthilia! Leo hakuna tamthilia. Tumeifuta sisi, ili watu wanisikilize mimi!

Nikatupa maiki, nikakimbilia mlangoni kwake. Yuko kwenye kochi anatazama runinga. Kwenye runinga kuna kamba yake. Mwanangu, kasema, hii yenu inaisha lini, tajiri wangu aendelee? Nikamweleza mto, mke wangu, mama mkwe, blanketi — vyote kwa mkupuo mmoja. Akaelewa kwamba mke wangu anataka kuazima blanketi. Akasema bado bichi.

Sikungoja. Nikatoka nikaanza kuanua mwenyewe, vibanio vinaruka huku na huku. Simu ikalia, mke wangu: unafanya nini! Watu huku wanasema Mshika Nguzo anaiba nguo! Nyuma yangu Mama Kamba kapiga yowe, mwizi jamani, mwizi! Akaninyang'anya blanketi, akalianika tena. Laivu! Mji mzima unatazama! Na bosi sikioni anashangilia, eti niendelee hivyo hivyo.

Nikapiga magoti pale majanini. Na sikuigiza. Nikamwambia mama, mke wangu yuko kule chini na mama yake, hawatoki mpaka wewe uanue, na maji yanakuja. Nililia, niseme nini. Akaniangalia. Akageuka akautazama mto — rangi imeshabadilika, tope tupu, na magogo. Looh, kasema, si ungesema tangu mwanzo! Akaenda kwenye kamba.

Simu bado sikioni. Mke wangu anapiga kelele: ameshika kibanio! Huku wote wamesimama! Mama naye kasimama, mkoba anao, anauliza, anaanua kwa hiari yake au wewe ume—

Ikakata. Mvua ikamwagika palepale, na mawimbi yakapotea, ya simu na ya kurushia picha studio, yote kwa pamoja.

Nimekimbia mpaka darajani. Askari wamezungushia utepe: kupanda ruksa, kushuka marufuku. Nikamwambia mmoja wao kwamba mke wangu yuko huko. Akanirudisha. Nikajaribu tena, akanishika koti, akanirudisha. Halafu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini: eti Mama Kamba ameanua?

Ameanua! Kila kitu, mpaka soksi! Na mbuzi kamwingiza ndani. Nimeona kwa macho yangu. Mimi na mpiga picha tu. Hakuna mwingine aliyeona.

Hapa garini kioo cha runinga kimeganda kwenye picha moja. Mpiga picha anasema na kule bondeni wanaona hicho hicho, ndiyo picha ya mwisho iliyokwenda hewani, studio wameiacha ilivyo. Mvua hawataiogopa, mvua wameizoea. Watatazama picha. Jua linawaka. Mama Kamba amenyoosha mikono juu, kibanio kidoleni, blanketi nusu liko kwenye kamba. Nimeitazama kwa karibu, nimeitazama kwa mbali. Nimemwuliza mpiga picha, yeye ndiye aliyeipiga. Anakuna kichwa. Huwezi kujua kama anaanika au anaanua.

Daraja naliona kutoka hapa dirishani. Bado halina mtu.