Kamba niliyoiacha kwenye omotembe

Ekerenyo, Jumapili jioni, Februari 1972

Mawingu yamejaa tangu adhuhuri na hayanyeshi. Mama amefunga mlango mapema.

Shajara, nakueleza wewe kwa utaratibu, maana mbele ya watu nimeshindwa.

Tangu nimalize kidato cha nne, furaha yangu ni kamera ya boksi aliyoniachia kaka. Ua likiwa karibu, hutoa ukungu mtupu. Basi nikachukua kioo cha miwani ya marehemu nyanya, nikakifunga mbele yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Maua ya pareto yalitoka safi, hata chavua inaonekana.

Ijumaa nilitaka ua la omotembe, mti wenye maua mekundu ulio mpakani mwetu na Mzee Ombati. Upepo ulikuwa ukitikisa tawi. Nikalifunga kwenye shina kwa kamba ya mgomba, nikapiga picha. Mara Mama akaita: jua linatua, Sabato inaingia! Nikakimbia nyumbani. Jana kanisani niliikumbuka kamba, lakini kuifungua siku ya Sabato ni kazi. Nikaiacha hadi leo.

Kwetu mtu hafungi kitu kwenye omotembe bure. Hapo ndipo watu huapa, na anayefungiwa kiapo hufa au hufiwa.

Leo asubuhi Mzee Ombati ameiona ile kamba. Na binti yake mdogo, Kerubo, yuko kitandani tangu jana, mwili moto, hali chochote.

Alikuja uani kwetu na mkewe na ndugu zake.

"Baba Moraa, omotembe haujifungi wenyewe. Ugomvi wetu wa mpaka ulikwisha. Mtoto wangu unamtakia nini?"

Nikaleta kamera, nikasema ni mimi, nilikuwa napiga ua picha kwa kioo cha miwani ya nyanya.

Mama Kerubo alikitazama kile kioo. "Miaka yote ya shule, Moraa, umerudi kuchungulia maua? Ng'ombe wangu huyatazama kila siku, na havai miwani ya marehemu."

Mmoja akacheka. Wengine walirudi nyuma hatua moja.

Walirudi nyuma kwa sababu yangu.

Wanataka niuzunguke mti nikiapa kwamba sikumroga mtoto. Baba amekataa: sisi Wasabato hatuapi kwa mti. "Basi tumejua," alisema Mzee Ombati, wakaondoka. Jikoni Mama akaninong'oneza, "Mtoto yule akifa, mwanangu, hawatakuja kuuliza tena."

Kamba bado ipo. Hakuna anayethubutu kuigusa.

Nimeamua. Kukicha nitaifungua kwa mikono yangu, wote wakiona, kisha nitamwomba Mama Kerubo aniruhusu nimwombee mtoto. Kiapo sitakula.

Lakini mimi hutetemeka hata nikitazamwa na watu watatu. Kesho watakuwa kijiji kizima. Mikono yangu ikitetemeka kwenye ile kamba, nani ataamini kwamba ni haya ya kutazamwa tu?