Nyumba ya Pili ya Kuaga

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Shikamoo yako imefika hapa Njinjo, marahaba. Goti la bibi yako limepata nafuu, na korosho zimeanza kudondoka.

Umeniuliza kama niliwahi kutaka kuhama nchi kwa sababu ya matokeo ya kura, kama unavyotaka wewe sasa. Niliwahi. Nilikuwa kijana, upande wangu ulishindwa, hasira zikanipanda. Nikafunga mzigo niende Msumbiji, nisirudi tena.

Lakini kwetu mtu haendi safari ndefu bila kupita nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi. Nyumba ya kwanza nilimalizana nayo upesi. Ya pili ilikuwa ya jirani yangu Bakari, aliyezunguka kijiji kizima akiupigia kampeni upande ule mwingine. Nilisimama mlangoni kwake, nimenuna, nikasema, "Naondoka. Kama nilikukosea, nisamehe."

Nilitamani anitukane. Yeye akasema, "Nimekusamehe, na mimi nisamehe. Chini ya mikorosho yako nitafagia mwenyewe, korosho nitaziokota nimpelekee mkeo."

Nikarudi nyumbani, nikakaa juu ya mzigo wangu.

Sikukatazi kwenda, mama. Hasira yako naijua, wala siidharau. Ila kabla hujakata tiketi, pita uwaage watu, na usiwaruke wale waliokuudhi.

Mimi nyumba ya tatu sijaifikia mpaka leo.

Babu yako anayekuombea,
Mzee Selemani