Upepo na Kikohozi cha Mkwe

Jumatatu, 2 Julai 1956

Mume wangu Asukile karudi kutoka ofisi ya kilimo kifua mbele. Taarifa ya hali ya hewa imefika! Kanisomea yote kabla hajavua viatu: kuanzia Iringa mpaka hapa Mbeya, kipupwe hiki kitakuwa kikavu, asubuhi baridi kali, mchana upepo wa vishindo. Nikamwambia hayo hata mbuzi wa Mbalizi wanayajua. Kanuna. Chakula kakimaliza lakini.

Keshokutwa baba yake anakuja kutoka Rungwe, kuchomwa sindano za kifua hospitali. Na hapo ndipo penye kazi. Kwao Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawaonani kabisa, hawakai chini ya paa moja, na jina lake silitaji. Hata hapa siliandiki. Kwetu Kalenga baba mkwe unampigia magoti, unamsalimu, mnaendelea na maisha. Huku ni kujificha. Kwa hiyo Asukile kamjengea kibanda cha nyasi mwisho wa kiwanja.

Kanionya mara tatu. Tukigongana uso kwa uso, Mzee atachukua fimbo yake arudi Rungwe siku hiyohiyo, sindano zimeisha au hazijaisha. Na daktari kasema bila sindano hafiki mvua za kwanza.

Alhamisi, 5 Julai

Mzee kafika jana. Sijamwona, bila shaka. Nimemsikia.

Utaratibu ni huu: akitaka kutoka anakohoa, mimi nakimbia. Sasa huyu ni mgonjwa wa kifua! Anakohoa tangu alfajiri. Leo nimekimbia na sufuria, nimekimbia na ufagio, nimekimbia na unga mikononi — kumbe Mzee yumo kibandani, kalala zake. Mwanakhamisi, jirani yetu wa duka la vitambaa, ndiye anayempelekea chakula kwa niaba yangu. Ni mtu wa pwani, mambo haya kwake ni sinema. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti, shoga, wewe hukuolewa na Asukile, umeolewa na kikohozi.

Jumapili, 8 Julai

Upepo umeanza, mchana, kama taarifa ilivyosema. Asukile anatembea kana kwamba kauleta yeye.

Kaenda kumwomba baba yake wafunge paa la kibanda kwa kamba, waweke na magogo juu. Mzee kakataa. Kasema yeye anaezeka nyumba tangu Asukile hajazaliwa, na hajaona karatasi iliyoezeka hata banda la kuku. Asukile karudi na kamba zake. Kwangu ana maneno gunia zima. Kwa baba yake, "ee, tata," basi.

Nimemcheka. Halafu nikamwona kasimama dirishani anaangalia lile paa, nikaacha.

Jumatano, 11 Julai

Asukile kaondoka na lori la ofisi kwenda Iringa, kuwatangazia wakulima wa huko kwamba kutakuwa na upepo. Watamshukuru, huku wakifuta vumbi machoni. Kaahidi kupita Kalenga kumsalimia mama.

Sindano zinafanya kazi. Mzee anakohoa kidogo sasa. Nafurahi, kweli nafurahi — ila simsikii! Na hicho kidogo upepo unakibeba. Leo nimekata kona ya jiko, nikaona kiatu. Kiatu tu, na ncha ya fimbo. Nikajitupa nyuma ya rundo la kuni. Goti limechubuka.

Sikujua kama kaniona. Jioni nikamtuma Mwanakhamisi akapeleleze. Kasema Mzee anakula ugali vizuri, fimbo iko ukutani. Nikapumua.

Ijumaa, 13 Julai, mchana

Paa limeondoka. Lote. Limeruka kama ungo, limetua kwenye mabua ya jirani.

Mzee hakuumia. Mwanakhamisi kamkuta kakaa kitandani na blanketi lake, anaangalia mbingu. Kamwambia aingie nyumba ya bati. Kakataa, mwenye nyumba yumo. Nikasema basi natoka mimi, nakwenda kukaa dukani kwa Mwanakhamisi. Jibu likarudi: Mzee hawezi kumtoa mke wa mwanawe nje, mabati yanaruka njiani. Yeye atakaa palepale.

Maskini mimi. Wiki nzima namkimbia mtu kama nyoka, kumbe ananihurumia.

Akaanza kukohoa tena, kile cha zamani. Nikamwambia Mwanakhamisi: kamwambie najifungia chumbani, sitoki mpaka mwanawe arudi. Hapo ndipo akakubali. Mwanakhamisi kamwingiza sebuleni, kamwachia chai, kakimbia kuokoa vitambaa vyake.

Sasa yeye sebuleni, mimi chumbani. Ukuta katikati, paa moja. Asukile akisikia atazimia huko Iringa. Naandika ili nisipumue kwa sauti.

Saa kumi

Upepo umeshika mlango wa mbele. Komeo ni lile Asukile aliloahidi kulibadilisha tangu Pasaka. Ukifunguka upepo utaingia ndani, na bati nalo litafuata nyasi.

Mzee anausukuma kwa bega. Nasikia nyayo zake zinateleza kwenye saruji. Anakohoa mfululizo. Hicho si cha kunifukuza.

Nimemwita Mwanakhamisi dirishani, sauti haifiki hata uani.

Nikitoka tutaonana, na kesho fimbo itatoka ukutani, Rungwe, na sindano kwaheri. Nisipotoka, ule mlango utamuua kabla ya kesho. Naogopa. Asukile kaenda kuwaeleza watu upepo, na upepo wenyewe kaniachia mimi.

Kikohozi kimekatika. Mlango bado unagonga.

Sipendi ukimya huu.

Nimejifunika khanga mpaka chini ya macho. Nimesimama hapa mlangoni mwa chumba, daftari nimelibana ukutani. Nimekohoa. Mimi. Kikohozi kizima, cha mzee, kama chake.

Naye kakohoa. Mara moja, kidogo.

Sasa hiyo ni njoo, au ni kaa hukohuko? Au ni kifua tu?

Komeo limeng'oka upande mmoja, nimelisikia. Nimekohoa tena, kwa nguvu, apate muda wa kugeuza uso. Nafungua