Kichwa Hakina Kosa

Shangazi mpenzi,

Sisi wazima, na paka amezaa kabatini. Ila mimi bado nimeduwaa. Unakumbuka Baba alivyofungia vitabu ulivyonitumia, akisema ndivyo vinavyonipasua kichwa? Jana daktari wa viungo alinibonyeza nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, na maumivu yaleyale yakaruka hadi juu ya jicho! Nikapiga kelele.

"Kichwa hakina kosa," akamwambia Baba. "Ni shingo. Huyu analalia nini?"

Leo vitabu vimerudi, nami navuta kidevu nyuma kama kuku, ndiyo mazoezi niliyopewa. Ila naona haya kukuambia, Shangazi: mwenye kosa ni ule mto mnene ulionishonea. Sasa paka na wanawe ndio wanaulalia.

Mwanao,
unayemwita Profesa