Mfalme Hakufungua Mdomo

Jumatatu, 4 Agosti
Bado narekodi upya ile katuni ya jitu linaloogopa kuku. Sauti zote za Kiswahili ni zangu: jitu, mfalme, binti mfalme, kuku. Koo linauma. Mzee Salum, mwenye duka la filamu, anataka nakala safi. Watoto wa Mbinga wamenicheka vya kutosha. Makosa ya wachoraji si yangu: taji liko mkono wa kulia, mara kushoto. Pengo la jitu linahama, juu, chini. Yangu ni mengine. Kuku mmoja nimempa sauti mbili. Aibu.

Jumatano, 6 Agosti
Dereva wa basi la ziwani kaniletea samaki wakavu, mbasa, na barua kutoka Kihagara. Ya Klara, mwanangu. Ana miaka kumi sasa. Mama yake alipofariki nilimpeleka kwa bibi yake, mzaa mama. Nikamwambia msimu wa kahawa ukiisha nakuja kukuchukua. Misimu miwili imepita, huu wa tatu. Katuni hii nilimtumia kwenye flashi, asikie sauti yangu.

Anaitazama kwa jirani kila Jumamosi. Ameorodhesha makosa kumi na manne. Taji kaliona. Pengo kaliona. Hata ndoo ya maziwa inayojaa yenyewe, ambayo mimi sikuiona! Nimecheka peke yangu mpaka Mzee Salum akachungulia.

La kumi na nne sikucheka. Mfalme anamwacha binti yake kwa jitu, anasema, "Mavuno yakiisha nakuja kukuchukua, mwanangu." Klara ameandika: "Baba, mfalme hakufungua mdomo. Nani amesema?"

Alhamisi, 7 Agosti
Nimerudia kipande hicho mara sita. Kweli. Mdomo umefungwa. Anageuka, anapanda punda, basi. Maneno nilitia mimi. Nilirekodi wiki ileile niliyotoka kumwacha Klara. Kimya kile kilinishinda.

Na mfalme harudi. Filamu inaisha binti na jitu wanafuga kuku, watu wanacheka. Nilijua hivyo nikirekodi.

Ijumaa, 8 Agosti
Mzee Salum katazama kipande hicho, kasema, "Toa hayo maneno, Kasto. Njia ya mwongo fupi." Alimaanisha katuni tu, maskini. Nimenuna, nimeondoka bila kuaga.

Naogopa. Klara akikataa kuja je? Bibi yake amemlea, mimi nimetuma sauti. Na kahawa ya shamba langu la Matiri bado iko mitini. Kila mwaka kahawa, kahawa. Kisingizio hicho nimekichoka mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimetoa maneno. Mfalme anaondoka kimya. Inauma kutazama. Kahawa nimemwachia kaka.

Jumapili, 10 Agosti. Kihagara.
Nimefika watu wakitoka misa. "Shikamoo, mama." Mama mkwe kaitikia, akaendelea kuanika muhogo. Klara amerefuka. Hakunikimbilia. Alinitazama mdomo.

"Nimekuja kukuchukua."

"Leo umeufungua," akasema. Akaingia ndani, akatoka na begi.

Mama mkwe anasema Klara alilifunga msimu ule wa kwanza, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Jioni tumelifungua. Nguo zote zimekuwa ndogo. Tumempa mtoto wa jirani. Ndani limebaki daftari lake la makosa ya katuni.